David Bruce, munganga aliyefuata ugonjwa wa tsetse ndani ya damu ya mbwa

Mbwa anaanza kukonda wakati bado anakula. Homa inapanda na kushuka, uso na miguu vinavimba, fizi zinapauka, kisha macho yanafunikwa na utando mweupe kama maziwa. Hapa Fataki, sawa na vijiji vingine vya teritware ya Djugu, neno la kwanza linalotoka kinywani ni sumu. La pili ni jirani.

Zaidi ya miaka 120 iliyopita kuna mtu aliyekaa mbele ya mbwa wa namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, akatafuta sababu ndani ya damu yao. Jina lake David Bruce. Hakuwa veterineri. Alikuwa munganga wa jeshi la Uingereza, na jina lake limebaki mpaka leo kwenye mikrobi mbili ambazo wanganga wa kwetu wanazijua vizuri: Trypanosoma brucei, inayoleta ugonjwa wa usingizi, na Brucella, inayofanya ng'ombe kutupa mimba na watu kupata homa isiyokwisha.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 mjini Melbourne, Australia, mtoto wa pekee wa wazazi kutoka Scotland. Alipokuwa na miaka 5 familia ilirudi kwao, ikakaa Stirling. Masomo aliacha akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi katika depo ya biashara mjini Manchester. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mwenye nguvu, na ndoto yake ilikuwa michezo. Ugonjwa wa mapafu ulimshika akiwa na miaka 17 na ndoto ile ikaisha. Ndipo alirudi kwenye vitabu, akaingia chuo kikuu cha Edinburgh mwaka 1876, akatoka munganga mwaka 1881.

Mwaka 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele, na mwaka huohuo akaingia jeshini. Huyu Mary tutamkuta kila mahali katika habari hii, kwa sababu alikuwa kila mahali. Alijifunza mikroskopi, alipaka rangi vioo vya damu, na alichora mikrobi kwa mkono wake wakati picha za kamera zilikuwa bado shida. Kwa miaka mingi ripoti zilitoka na jina la bwana peke yake.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kisiwani Malta, ambako waaskari walikuwa wanalala miezi na homa. Mwaka 1887 Bruce alipata mikrobi yake kwa kuchukua wengu za waaskari waliokufa. Lakini inatoka wapi? Hapo hakujua. Ilipita miaka 18 mpaka munganga wa Malta mwenyewe, Themistocles Zammit, alipoona mwaka 1905 kwamba mbuzi wazima kabisa kwa macho walikuwa wanaibeba. Waaskari waliponyimwa maziwa ya mbuzi, homa ilishuka haraka. Mnyama mwenye afya anaweza kuwa ghala la ugonjwa: fikira hiyo Bruce alikuwa amekwisha kuishika mwenyewe, mbali na Malta, kupitia mbwa.

Mwaka 1894 gavana wa Natal, katika Afrika Kusini ya leo, alimwita. Walikuwa wamejuana Malta. Katika nchi ya Wazulu ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita nagana, neno la Kizulu linalotoa picha ya mnyama aliyeregea, asiye na moyo. Bruce na bibi yake walipanda gari la kukokotwa na ng'ombe mpaka Ubombo, juu ya mlima. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo. Laboratware ilikuwa baraza ya nyumba hiyo.

Mtu wa Fataki anaweza kuiona ramani hiyo bila kuchorewa. Juu ni mlima, baridi kidogo, ng'ombe wanaishi. Chini ni bonde la joto lenye pori, na mfugaji anajua kwamba akiteremsha ng'ombe pale, anaweza kurudi na ngozi tu. Wazulu walisema ugonjwa unatoka kwa nyama wa pori, ambao wanachafua majani na maji. Wazungu walisema ni inzi tsetse, kwamba ana sumu yake mwenyewe kama nyoka. Kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli mkononi.

Bruce alichukua damu ya ng'ombe wagonjwa, akaiangalia kwenye mikroskopi siku hadi siku. Mwanzoni alikuwa anatafuta bakteria, kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa anatafuta bakteria. Hakuiona. Alichoona ni kijidudu chembamba kama nyoka mdogo, kinasukasuka kati ya chembe nyekundu za damu. Kwa ng'ombe walikuwa wachache sana. Basi akadunga damu ile kwa farasi na kwa mbwa. Wote waliugua vikali, na damu yao ikajaa vijidudu hivyo. Mbwa ndiye alionyesha wazi kile ambacho ng'ombe alikuwa anaficha.

Jeshi halikuwa na subira. Baada ya muda mfupi tu lilimrudisha kazini mjini, na ilibidi gavana asukume tena mpaka mwaka 1895 ili Bruce na Mary warudi Ubombo. Safari hii walikaa karibu miaka 2.

Majaribio waliyofanya pale yanaeleweka na mtu yeyote anayefuga. Walishusha farasi bondeni kwa saa chache, mdomo umefungwa wasile jani wala kunywa maji ya chini, kisha wakawapandisha. Wakaugua. Wakabeba majani na maji ya bondeni, wakawapa farasi wa juu ambao hawakushuka. Hawakuugua. Kumbe si majani, si maji. Halafu walikamata tsetse bondeni, wakawapandisha mlimani katika vibanda vidogo vya kitambaa, wakawaacha wanyonye damu ya mbwa mgonjwa, kisha wakawaweka juu ya mbwa mzima. Mbwa mzima akashikwa. Ni kusema inzi hana sumu yake mwenyewe. Anabeba kitu cha mtu mwingine.

Kitu hicho kinatoka kwa nani, wakati bondeni hakuna ng'ombe? Bruce alichukua damu ya nyama wa pori waliouawa na wawindaji, nyati, kudu, hata fisi, akaidunga kwa mbwa. Wengine kati ya mbwa hao waliugua nagana, wakati wanyama waliotoa damu walikuwa wanakimbia porini bila dalili yoyote. Wazee wa Kizulu walikuwa wamesema kweli kuhusu nyama wa pori. Walikosa kipande kimoja tu, yule inzi wa katikati. Mwaka 1899 wataalamu wa London walikipa kijidudu kile jina la Bruce. Wachungaji waliosema mbele yake hawakupewa kitu.

Kuponya, hilo lilimshinda. Alijaribu aseniki, ambayo ni sumu, kwa dozi ndogo. Wanyama walivuta siku, kisha wakafa. Mbwa wa Ubombo hawakutoka wazima, na hilo lisemwe bila kuzunguka: walitumiwa, wakafa, na elimu ikabaki.

Kile walichoacha kinatumika mpaka sasa. Tone la damu linatolewa kwenye ncha ya sikio, linawekwa juu ya kioo, linaangaliwa kabla halijakauka. Bruce alihesabu vijidudu kila siku pamoja na kupima homa, akaona wanapanda na kushuka. Kwa hiyo damu iliyochukuliwa siku moja bila kuonyesha kitu haitoshi kusema mbwa ni mzima. Inafaa kurudia, hasa siku ya homa. Tena fizi nyeupe na homa zinaweza kutoka kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoletwa na kupe, babesia. Macho peke yake hayawezi kutofautisha. Paka pia hushikwa na ugonjwa wa tsetse, ingawa ni nadra mtu kumpeleka paka kwa veterineri.

Leo kuna diminazeni, dawa ileile ambayo veterineri wanadunga ng'ombe. Kwa mbwa njia yake ni nyembamba. Ikizidi inaweza kumuua, ikipungua inaacha mikrobi. Tena haipenyi vizuri kwenye ubongo, na Trypanosoma brucei hujificha huko. Ndiyo maana mbwa anaweza kurudi kukimbia na watoto, halafu baada ya wiki chache akaanguka tena. Mwenye mbwa anadhani amerogwa mara ya pili. Kuna na ndugu ya kijidudu hicho, Trypanosoma congolense, iliyopewa jina na Alphonse Broden mwaka 1904 kule Leopoldville, Kinshasa ya leo. Hiyo huenda polepole zaidi, na mbwa anaisha kama mshumaa.

Baada ya vita ya Waingereza na Makaburu, ambayo Bruce alifanya upasuaji ndani ya mji wa Ladysmith uliozungukwa na maadui, na Mary akimsaidia kama muuguzi, njia yao ilikuja karibu na kwetu. Mwezi wa 3 mwaka 1903 walifika Entebbe. Uganda ilikuwa inakufa. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji vya pembeni ya ziwa Victoria; kwa miaka 20 hivi inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walipotea.

Kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, alikuwa amekwisha kuona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Alimwonyesha Bruce. Bruce alielewa haraka kuliko wote, kwa sababu alikuwa amemwona mdudu kama huyo kwa mbwa miaka 8 nyuma. Baadaye kulitokea ugomvi juu ya nani aligundua nini, na uliendelea miaka mingi hata magazetini. Ukweli ni kwamba bila Castellani, Bruce angetafuta muda mrefu. Na bila Bruce, Castellani asingejua anachokiangalia kina uzito gani.

Kisha Bruce alifanya kazi ambayo hakuna mtu mmoja angeweza. Kupitia Katikiro Apolo Kagwa, machifu, na wamisioni, watu wa Buganda na sehemu zingine walikamata inzi wanaouma na kuwatuma Entebbe, kila furushi na jina la mahali. Ramani ya tsetse na ramani ya ugonjwa zilipowekwa pamoja, zililingana. Maelfu ya mikono ya watu weusi ilikamata wale inzi.

Bruce alikosea pia. Alidhani tsetse anapeleka ugonjwa kama sindano chafu, toka damu hii hadi ile, basi. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi katika Tanzania ya leo, alionyesha kwamba kijidudu kinakaa na kukomaa ndani ya inzi siku nyingi kwanza. Bruce, ambaye alikuwa amerudi Uganda tangu 1908, alirudia majaribio yake na kukubali.

Kosa zito zaidi lilikuwa katika kile alichoshauri. Alipofanya kazi Nyasaland, Malawi ya leo, kati ya 1911 na 1914, na kuona tena kwamba nyama wa pori ni ghala la mikrobi, alitaka wauawe katika sehemu zenye tsetse. Kusini mwa Afrika serikali za kikoloni zilifuata njia hiyo miaka mingi, na wanyama wasiohesabika walipigwa risasi. Uganda, watu ndio waliohamishwa: wavuvi wa ziwa Victoria walitolewa visiwani mwao kwa amri. Upande wetu wa Kongo, watu walipangishwa mistari, wakapapaswa tezi za shingo, na wagonjwa wakafungiwa katika lazareti ambazo wengi hawakutoka. Ugonjwa ulipungua. Hasira ya watu juu ya wanganga wa serikali haikupungua haraka namna hiyo.

Bruce alipewa cheo cha Sir mwaka 1908, akaongoza chuo cha wanganga wa jeshi wakati wa vita ya 1914, akapumzika mwaka 1919. Wakati huo jina la Mary lilikuwa limeanza kuandikwa kwenye ripoti pamoja na la bwana yake. Akiwa mgonjwa wa mwisho, Bruce aliomba kwamba mtu akiandika kazi yake, asisahau nusu iliyofanywa na bibi yake.

Mary alifariki London tarehe 23 Novemba 1931. Siku 4 baadaye watu walikusanyika kumwombea, na ibada ikiwa bado inaendelea, David Bruce naye akakata roho. Wote wawili wako Stirling, mji wa utoto wake.