Mwalimu na uraia usio na rangi



Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akafundisha Tabora na Pugu. Alikulia chini ya utawala uliotenganisha shule kwa rangi ya ngozi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Kisasi kingeshangiliwa. Mwalimu alikikataa, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali ubaguzi. Muswada ukapita. Mwaka 1984, angali Rais, haki za msingi ziliingizwa katika Katiba. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi.

Kwetu Korogwe na Handeni, mashamba ya mkonge yalileta manamba wa makabila mengi. Wajukuu wao wanasali nasi. Tunapochagua mwenyekiti wa jumuiya, au shamba linapogawanywa, tukimwita mmoja wao mtu wa kuja, tunarudisha kile Mwalimu alichokikataa. Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba ubatizo unatufanya kuwa mmoja. Sheria hulinda haki mahakamani. Jirani ailinde kijijini. Tuanze Jumapili hii.