Ludwig Krapf na Vita Visivyo vya Bunduki

Kwaya yetu haina upungufu wa nyimbo za vita. Tuna za kuangusha ngome, tuna za kuta za Yeriko, tuna za jeshi la Bwana, na tukiziimba kwenye kesha hata wazee walioketi nyuma husimama. Lakini muulize mwanakwaya adui tunayepigana naye ni nani, na majibu hayatalingana. Mmoja atasema ni shetani. Mwingine atasema ni shetani, kisha kwa sauti ya chini atamtaja shemeji yake, au yule mama mzee jirani ambaye ng'ombe wa watu wakifa, macho yote humgeukia yeye.

Ndiyo maana katika kijitabu hiki cha yubile tumeweka maisha ya Johann Ludwig Krapf. Wengi tulimsoma shuleni kama Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, tukampa maki zake kwenye mtihani tukamsahau. Lakini Krapf aliihesabu kazi yake yote kuwa vita, na alilipa gharama yake. Tena Injili iliyofika huku kwetu Meru kupitia Wamethodisti ilipita mkononi mwake.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Akiwa kijana mdogo alipigwa vibaya na jirani kwa kosa lililofanywa na mwenzake. Kipigo kile kilimlaza kitandani karibu nusu mwaka, na kitandani hapo hakuwa na la kufanya ila kusoma Biblia na kuwaza habari za milele. Baadaye, katika ramani ya shule, aliona sehemu kubwa za Afrika Mashariki zimeachwa wazi bila jina lolote, na wazo la kwenda huko likamshika. Akaenda Basel, Uswisi, kwenye chuo cha wamisionari. Hapo katikati alipoteza mwelekeo, akaacha chuo, akasomea theolojia, akawa msaidizi wa mchungaji, na mahubiri yake kuhusu siku za mwisho yakamletea shida hata akaiacha nafasi hiyo. Hakuwa mtu wa kukaa kwa utulivu katika parokia.

Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na shirika la Kianglikana la CMS. Alipofukuzwa Tigre, alikwenda Shoa na kukaa huko kuanzia 1839 hadi 1842. Sehemu hii ya maisha yake tusiipite haraka, ingawa haimpendezi sana. Huko Shoa alimtegemea Mfalme Sahle Selassie, na mwaka 1840 alifuatana na jeshi la mfalme lilipokwenda kuwapiga Waoromo. Aliviona vita vya mikuki na farasi kwa macho yake. Alitumaini kwamba nguvu za mfalme zingemfungulia mlango wa kuwafikia Waoromo hao hao waliokuwa wakivamiwa. Mtu anayetaka kuhubiri huruma ya Mungu akiwa nyuma ya jeshi ana kazi ngumu, na mlango haukufunguka. Alipotoka Shoa kwenda kuoa, alizuiwa kurudi.

Mkewe alikuwa Rosine Dietrich, na walioana Misri mwaka 1842. Walipojaribu kurudi Ethiopia, Rosine alijifungua jangwani kabla ya wakati. Mtoto, msichana, alifariki baada ya muda mfupi. Jina alilobatizwa lilikuwa Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Krapf akageukia pwani yetu. Mwanzoni mwa 1844 alifika Unguja, na Sultani Said, ambaye ni Mwislamu, akampa barua ya kumtambulisha kwa wakubwa wa pwani. Akahamia Mombasa, akaanza Kiswahili mara moja, na mwezi wa Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua msichana mwingine. Homa ya malaria ikawashika wote wawili, mume na mke, na tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuweza kumhudumia mkewe kama alivyotaka. Kwa ombi la Rosine, walimzika ng'ambo, upande wa bara, ili watu wapitao njiani walione kaburi na kuuliza kilichomleta mama huyu mahali pale.

Barua aliyowaandikia wakubwa wake Uingereza baada ya mazishi ndiyo iliyomfanya ajulikane na vizazi vya Wakristo. Hakuomba arudishwe nyumbani. Aliwaambia kwamba kaburi lile pwani ni ishara kwamba wamekwisha kuingia vitani na upande huu wa dunia, na kwamba Kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake. Hebu tutazame hapo. Mtu aliyezika mke na watoto wawili anasema vita vimeanza, wala hamtaji mtu yeyote kuwa adui. Hakusema Waduruma wamemloga mkewe. Hakusema mtu wa Mombasa alimwekea kitu. Alisema homa ni homa, akaenda kutafuta mahali penye hewa bora, naye akaendelea kuomba.

Mahali hapo palikuwa Rabai. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na Agosti mwaka huo walipanda kilima cha Rabai wote wakiwa na homa, punda wao akiwa mmoja, wakipokezana kumpanda. Ukitafuta jeshi dhaifu katika historia ya Kanisa, hilo limo. Wakajenga, wakafundisha, wakapita kijiji kwa kijiji. Miaka ilipita na waliobatizwa walihesabika kwa vidole, wa kwanza wao akiwa Mringe, mlemavu ambaye watu hawakumjali sana.

Hapa ni lazima tuseme pia kwamba Krapf aliita giza mambo mengi ambayo yalikuwa tu desturi za watu wengine. Ngoma ilipolia usiku katika msitu wa kaya, yeye alisikia shetani. Wazee wetu wa Meru nao walikuja kusikia maneno kama hayo juu ya Njuri Ncheke na juu ya nyimbo zao, na leo midundo ile ile tunaipigia madhabahuni na hakuna anayekimbia. Kupambanua roho ni kipawa, na wamisionari hawakukipewa chote.

Novemba 1849 alisafiri hadi Ukambani, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui ambaye misafara yake ilifika pwani. Kivoi alimsimulia habari za mlima wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, na Krapf akauona kwa mbali, ukiwa na mfano wa pembe mbili kubwa. Sisi tunalala chini ya mlima huo upande wa pili. Siku ile hakuna aliyekuwa huku aliyejua kwamba anatazamwa.

Alirudi mwaka 1851 akitaka kuanzisha kituo Ukambani. Mwezi wa Agosti, walipokuwa karibu na mto Tana, msafara wa Kivoi ulishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa pamoja na wengine, na waliobaki wakatawanyika. Krapf alikuwa na bunduki. Aliifyatua mara mbili, na mara zote mbili aliielekeza hewani, kwa sababu hakuweza kuikubalia nafsi yake kumwaga damu ya mwanadamu. Kisha akakimbia porini, peke yake, bila chakula wala maji. Kiu ikampeleka hadi Tana. Hakuwa na kibuyu, basi alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mtutu wa bunduki, akaziba kwa majani, akatembea usiku na kujificha mchana.

Katika barua kwa Waefeso mtume Paulo, akiwa kifungoni, anaorodhesha silaha za Mkristo, na kabla ya kuzitaja anaeleza kwamba mapambano yetu si dhidi ya binadamu wenzetu. Mstari huo tunaukariri wote. Krapf aliutii siku ambayo mbele yake palikuwa na watu wenye mishale, wakimtafuta kumuua, na yeye ana risasi.

Alipofika tena kwa watu, matata hayakuisha. Ndugu za Kivoi walimlaumu kwa kifo kile: kwa nini yeye yu hai na mzee wao amekufa? Maisha yake yakawa hatarini, ikambidi atoroke usiku na kurudi Rabai akiwa amedhoofika kabisa. Yaani yeye mwenyewe alipata kuwa yule jirani anayetazamwa na macho yote ng'ombe wakifa.

Afya ilimshinda, na mwaka 1853 akarudi Ulaya, akakaa Kornthal. Ndoto yake ya mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi upande wa pili wa Afrika haikutimia, na hata wenzake wa Rabai hawakuwa na mawazo sawa naye juu yake. Lakini mwaka 1862 alirudi kwa muda, akiwaongoza Wamethodisti vijana kutoka Uingereza. Wenzao wawili waliacha mapema, James Woolner akaugua, na Krapf naye akaugua. Aliyebaki ni Thomas Wakefield, katika kituo cha Ribe walichokichagua karibu na Rabai. Mkewe Wakefield, Rebecca, alizikwa Ribe mwaka 1873. Kutoka mwanzo huo mdogo Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na Kaaga ikawa kituo chao. Ukitoka Kinoru hadi Kaaga si safari. Kutoka Ribe hadi Kaaga ilichukua miaka 50.

Wanakwaya wanajua kisa cha Mfalme Yehoshafati, aliyewatanguliza waimbaji mbele ya askari. Waimbaji wale hawakuwa na upanga. Walikuwa na maneno. Krapf pia, bunduki alipoigeuza chombo cha maji, alibaki na maneno. Alitafsiri sehemu za Biblia, akaandika sarufi ya Kiswahili, akakusanya maneno kwa maelfu mwaka baada ya mwaka. Kiswahili tunachoimbia hakikutoka kwake, kilikuwa cha watu wa Mombasa na Lamu kabla ya babu yake kuzaliwa. Ila alikaa chini miguuni pa wenyewe akakisikiliza.

Rebmann alibaki Rabai miaka 29 bila kurudi kwao, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Alikwenda kuishi Kornthal karibu na rafiki yake, akafariki mwaka uliofuata. Krapf aliendelea na karatasi zake. Jioni moja ya Novemba 1881 aliingia chumbani kulala kama kawaida. Asubuhi ya tarehe 26 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata.