Maisha ya Ole Kirk Christiansen, Seremala wa Billund

Kila muhula gazeti letu hutoa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa, na safari hii zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walitumaini nitaandika juu ya jemadari au rais. Nimemchagua seremala. Aliishi katika kijiji kidogo cha nchi ya Denmark, hakupata kuwa waziri wala askari, na kazi iliyomletea sifa ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Sababu ya kumchagua ni sanduku moja lililo juu ya kabati langu, nami sina budi kuanza na sanduku hilo.

Mimi ninakaa Majengo, hapa hapa Mpanda. Wasomaji walio mbali wajue kwamba jina hilo linatufaa: kila upande utakaotazama mtu anajenga, na wakati wa kiangazi moshi wa matanuri ya tofali hauishi. Mimi pia ninajenga, tena polepole kama walimu wanavyojenga, msingi mwaka huu, ukuta mwaka ujao. Basi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi Ulaya, alipokuja likizo alileta masanduku mawili ya karatasi ngumu yenye matofali madogo ya plastiki yaitwayo LEGO. La kwanza aliwapa watoto. La pili alinikabidhi kwa mikono miwili, akaniomba mimi mjomba wake nisilifungue wala nisimwache mtu alifungue. Alieleza kwamba huko Ulaya na Marekani watu huyanunua masanduku kama hayo na kuyaweka vile vile yalivyo, kama sisi tunavyoweka mpunga ghalani tukingoja bei ipande, na kwamba baada ya miaka kadhaa lile moja laweza kunipatia saruji ya kumalizia ukuta.

Sikumwamini. Mtu mwenye akili timamu anunue kitu cha kuchezea, kisha asikichezee? Nikaanza kusoma habari zake, na kusoma huko ndiko kulikonifikisha kwa Ole Kirk Christiansen.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili, 1891, karibu na kijiji cha Filskov katika rasi ya Jutland. Wazazi wake walikuwa watu maskini wenye watoto wengi. Alipokuwa mdogo alichunga mifugo, kisha akafundishwa useremala na kaka yake, akaenda kufanya kazi Ujerumani na Norway. Huko Norway ndiko alikompata mchumba wake, Kirstine. Mwaka 1916 alinunua karakana ya useremala katika kijiji cha Billund, akaoa, akaanza kuwatengenezea wakulima wa pale milango, madirisha na nyumba zao. Mungu akamjalia wana wanne.

Jumapili moja ya mwaka 1924 wawili kati ya wana hao, wadogo bado, waliingia karakanani wakajaribu kuwasha moto. Maranda yakashika. Karakana iliteketea, na nyumba ya kuishi nayo ikateketea. Ole Kirk akajenga upya, tena nyumba kubwa kuliko ile ya kwanza, na mbele ya mlango akaweka sanamu za simba wawili. Nyumba hiyo ipo hata leo. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka tofali zangu mbichi 3,000 zilizonyeshewa na mvua ya kwanza kabla sijazipanga tanurini. Asubuhi nilikuta chungu ya udongo. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kugusa kalibu, na simba sikuweka.

Mmoja wa watoto wale wawili aliitwa Godtfred. Tutamwona tena.

Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianza kuanguka. Wakulima wa Denmark wakakosa bei ya mazao yao, na mkulima asiye na fedha hajengi. Kazi ya Ole Kirk ikapungua hata akawaachisha mafundi wake. Mwaka 1932 mkewe Kirstine akafa, akamwacha na wana wanne, mdogo wao akiwa wa miaka sita hivi. Ni katika mwaka huo huo wa msiba alipoanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao ambavyo watu wangeweza kuvinunua: ngazi, mbao za kupigia pasi, na magari na wanyama wa kuchezea watoto. Alipotaka mkopo ndugu zake walimdhamini, lakini hawakupendezwa. Waliona fundi hodari kama yeye angeweza kupata kazi yenye maana zaidi. Siwezi kuwalaumu sana. Kwetu pia mtu mzima akionekana barazani anachonga kigari cha mti, majirani huulizana kama ni mzima.

Palitokea wakati watoto wa Denmark walipopagawa na yoyo, yaani kile kitu cha visahani viwili kinachopanda na kushuka kwa uzi. Ole Kirk akatengeneza yoyo nyingi. Mara watoto wakazichoka, kama wanavyochoka watoto wa kila nchi, naye akabaki na shehena isiyonunuliwa. Alizipasua katikati, kila nusu ikawa gurudumu la gari la kuchezea. Wanafunzi wetu wanaotengeneza magari ya makopo kwa magurudumu ya kandambili kuukuu wataona kwamba fundi huyu alikuwa wa ukoo wao.

Mwaka 1934 aliwashindanisha wafanyakazi wake kuitafutia kampuni jina, na zawadi ilikuwa chupa ya mvinyo aliotengeneza mwenyewe nyumbani. Aliyeshinda ni yeye. Jina lenyewe, LEGO, lilitokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Kuhusu ile chupa, nadhani wafanyakazi walikuwa na la kusema.

Sasa nitaeleza habari ya bata, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nimpende mzee huyu. Kiwanda kilitengeneza bata wa mbao wenye magurudumu, na desturi ilikuwa kila bata apakwe vanishi mara tatu. Siku moja Godtfred, ambaye sasa alikuwa kijana akimsaidia baba yake, alipeleka makasha ya bata stesheni ya gari moshi, akarudi amefurahi. Akamweleza baba yake kwamba ameiokolea kampuni fedha, maana bata wale aliwapaka mara mbili tu na hakuna mnunuzi atakayetambua. Ole Kirk hakumsifu. Alimwamuru arudi stesheni, ayachukue makasha yote, awatoe bata wote, awapake mara ya tatu, awafunge tena na kuwarudisha, na kazi hiyo aifanye peke yake hata ikiwa ni usiku kucha. Kijana akaifanya. Alipokuwa mkuu wa kampuni mwenyewe alikuwa akiisimulia habari hiyo, na ule msemo wa baba yake kwamba kilicho bora hakizidi ubora unaotakiwa aliuchonga kwenye mbao akautundika ukutani.

Mwaka 1942, wakati majeshi ya Kijerumani yamekwisha kuikalia Denmark, kiwanda kiliungua usiku. Michoro na mifano ya miaka mingi ilipotea. Ole Kirk alikuwa mtu wa miaka hamsini, alikuwa amechoka, na alifikiri kuacha. Lakini walikuwapo wafanyakazi waliotegemea mshahara wake, akajenga tena.

Mwaka 1946, vita vilipokwisha, aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma katika kalibu ya chuma. Bei yake ilikuwa kroner 30,000, fedha nyingi mno kwa kiwanda cha kijijini, na jamaa zake walishtuka. Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wanaomsifu huliruka. Wazo la tofali dogo la plastiki lenye vinundu juu halikuwa lake. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, alikuwa amekwisha kulitengeneza. Ole Kirk na Godtfred walipata mifano ya matofali hayo, wakabadili vipimo kidogo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza ya kwao. Hayakwenda sana. Wenye maduka waliona plastiki haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya mbao, na matofali yenyewe hayakushikana vema.

Kila aliyesimama karibu na mwashi hapa Majengo ataelewa shida ilikuwa nini. Mwashi hushikamanisha tofali kwa udongo au saruji, na ukuta ukikauka umekwisha. Tofali la Billund halina saruji. Lazima lishike lenyewe, tena limwachie mtoto anapotaka kulibomoa, tena lishike kesho na kesho kutwa bila kulegea. Matofali ya kwanza yalikuwa matupu ndani kama kofia, kwa hiyo nyumba ikitikiswa ilianguka. Dawa ilikuwa kutia mirija ndani ya tofali ili vinundu vya tofali la chini vibanwe pande zote. Ombi la hati ya kulinda uvumbuzi huo lilipelekwa Denmark tarehe 28 Januari, 1958. Ole Kirk Christiansen alikufa tarehe 11 Machi mwaka huo huo, mwenye umri wa miaka 66. Alikuwa ameliona tofali lililoshika kwa majuma sita tu.

Godtfred akashika usukani. Mwaka 1960 idara ya vitu vya mbao iliungua, maana nyumba ile haikuachwa na moto, na kampuni ikaacha mbao kabisa. Billund, kijiji cha seremala, leo kina uwanja wa ndege wa kimataifa, na bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1968 ambamo miji mizima imejengwa kwa matofali hayo. Kipimo kilichowekwa mwaka 1958 hakikubadilishwa. Tofali la mwaka ule hushikana na tofali lililotoka kiwandani juzi.

Na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mpwa wangu. Kampuni hutengeneza sanduku la namna fulani kwa miaka miwili au mitatu, kisha huliacha. Watoto waliolinunua wamekwisha kulifungua, vipande vimepotea chini ya vitanda. Yale machache yasiyofunguliwa hutafutwa na watu wazima waliokuwa watoto zamani, na bei hupanda. Wataalamu wawili wa uchumi wa Urusi, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walichunguza masanduku zaidi ya 2,000 yaliyotoka kati ya mwaka 1987 na 2015, wakaona kwamba faida ya wastani ilifika asilimia 11 hivi kwa mwaka. Ni zaidi ya dhahabu. Wanafunzi wa biashara wasikimbilie neno wastani, kwa kuwa katika hesabu hiyo hiyo yamo masanduku yaliyoleta hasara kubwa. Tena kampuni ikiamua kulitoa upya sanduku la zamani, walioficha hulia. Mwaka 2008 ilitoa Taj Mahal, lile kaburi zuri la India, lenye vipande zaidi ya 5,900, kwa bei ya dola 300 hivi. Ilipoacha kuitengeneza, bei ikapanda mara nyingi. Mwaka 2017 ikaitoa tena, na bei ya zile za zamani ikaporomoka.

Sanduku langu si Taj Mahal. Mnunuzi wa Ulaya hutaka pembe za sanduku ziwe kali na karatasi isiwe na doa, na mimi ninaishi katika nyumba yenye mchwa chini na panya juu. Panya mmoja wa Majengo anaweza kula asilimia 11 zote kwa usiku mmoja. Hata hivyo nililitunza. Nililifunga kwa nailoni, nikalipandisha juu ya kabati, na mara nyingi nilipopita karibu na ukuta wangu usiokwisha nililihesabu kama mifuko ya saruji.

Kilichonishinda ni mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, bingwa wa magari ya makopo, aliyekuja nyumbani kuchukua daftari. Aliona picha ya daraja juu ya sanduku. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, daraja hilo linashikwa na nini ikiwa halina msumari wala waya. Nilianza kumweleza habari ya mirija na vinundu, nikachora ubaoni, nikafuta, nikachora tena. Akaitikia kila mara, lakini nilimwona hajaelewa. Vipande vya lile sanduku la kwanza vilikuwa vimekwisha kutawanyika kwa watoto wa mtaa mzima, sikuwa na hata viwili vya kumpa mkononi. Juu ya kabati vilikuwapo mamia, nami nilikuwa mlinzi wake.

Nimempigia simu mpwa wangu. Alinyamaza kidogo, akanikumbusha saruji, kisha akasema sanduku ni langu, mjomba afanye apendavyo. Mke wangu bado hajasema neno, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo sanduku litafunguliwa katika chumba cha fizikia Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, saa nne asubuhi. Wanafunzi wa vidato vyote wanakaribishwa, na wazazi pia. Mje na mikono safi na mkeka mmoja au miwili. Vipande vitahesabiwa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na mlango hautafunguliwa mpaka hesabu itimie.