Karl Meyer, aliyekuta dawa ndani ya jicho la ng'ombe

Kule Bihambwe, teritwari ya Masisi, ng'ombe anajulikana kwa maziwa, jibini na nyama. Macho yake hayana soko. Lakini ni ndani ya macho ya ng'ombe ndimo Karl Meyer alikuta kitu ambacho leo kinatumiwa na madaktari duniani kote.

Meyer alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1899, karibu na mji wa Cologne. Alisomea udaktari, kisha akaongeza kemia mjini Berlin. Mwaka wa 1930 alivuka bahari kwenda kufanya kazi California. Hitler aliposhika utawala mwaka wa 1933, Meyer, aliyekuwa Myahudi, hakuwa tena na nchi ya kurudia. Wakimbizi wa Masisi hawahitaji kuelezwa maana yake. Chuo kikuu cha Columbia, New York, kilimpokea katika idara ya magonjwa ya macho.

Mwaka wa 1934, yeye na mwenzake John Palmer walitenga kutoka ute wa jicho la ng'ombe mnyororo mrefu wa sukari. Waliuita asidi ya hayaluroniki, kutokana na neno la Kigiriki la kioo, kwa sababu ute ule unang'aa kama kioo. Asidi hiyo iko pia katika ngozi na katika ute wa magoti. Inashika maji mengi sana, ndiyo maana mifupa ya goti inateleza bila kusuguana. Kuujua muundo wake wote kulimchukua Meyer miaka 20 hivi.

Shida yake aliiona mapema. Mwaka wa 1937, pamoja na René Dubos, alionyesha kwamba kimeng'enya cha bakteria wa nimonia kinaikatakata. Mwili wa mtu nao una vimeng'enya vya namna hiyo: asidi ikiwekwa peke yake penye gegedu lililoharibika, inayeyuka kabla nyama mpya haijaota. Kwa hiyo watafiti wa leo wanaifunga ndani ya wavu wa polima, ikae, chembe hai zipate pa kushika. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ingali maabarani.

Jicho lilinufaika kwanza. Tangu mwaka wa 1980, asidi iliyosafishwa na Endre Balazs, mzaliwa wa Hungaria, kutoka upanga wa jogoo, inatumiwa katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Meyer aliishi kuyaona hayo. Alifariki mwaka wa 1990, akiwa na miaka 90. Tuzo ya Nobel hakupewa.