Askofu Steere: Mchapaji aliyewatangulia wanafunzi wa kompyuta wa Masasi na Newala

MWANAFUNZI anayeketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza mjini Masasi au Newala hukabidhiwa maneno kabla ya kukabidhiwa mashine. Huelezwa kuwa alama zilizo juu ya vitufe ni herufi, kuwa kinachoonekana kwenye skrini ni ukurasa, na kuwa kazi ikikamilika huhifadhiwa ndani ya faili au hupigwa chapa. Asipoyaelewa maneno hayo, mashine hubaki sanduku lenye mwanga.

Baadhi ya maneno hayo ni makongwe kuliko kompyuta yenyewe. Herufi na ukurasa yana asili ya Kiarabu, na chapa lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Karne moja na nusu iliyopita walikuwapo vijana wa Kiafrika waliojifunza maana ya maneno ya namna hiyo wakiwa wamesimama mbele ya mashine nyingine iliyokuwa ngeni kwao, yaani mtambo wa kuchapa vitabu wa Zanzibar.

Aliyewafundisha ni Edward Steere, Mwingereza ambaye mwaka 1876 aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru hadi Masasi, na ambaye mwaka huo huo alitoa kijitabu cha lugha ya Kimakonde. Wengi humkumbuka kwa kanisa kuu la Mkunazini. Kazi yake ya kumwezesha mtu anayeanza kuitumia mashine kwa lugha anayoielewa haizungumzwi sana.

Mwanasheria aliyependa mitambo

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Njia ya utajiri na heshima ilikuwa wazi mbele yake, lakini moyo wake haukuwa mahakamani. Aliacha sheria, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana mwaka 1858, na kuhudumu katika parokia za mashambani huko Lincolnshire.

Jambo moja la ujana wake lilikuja kumfaa baadaye. Alipenda kazi za mikono, na alijifunza mwenyewe namna ya kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo mdogo wa kuchapa. Kwa msomi wa daraja lake huo ulikuwa mchezo wa kupitisha wakati.

Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kuja Afrika katika Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kutokana na mwito wa David Livingstone. Misheni hiyo ilikuwa imeshapata pigo kubwa katika bonde la mto Shire, ambako kiongozi wake wa kwanza, Askofu Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Tozer aliamua kuhamia Zanzibar, na mwaka 1864 yeye na Steere wakashuka Unguja.

Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano walionyang'anywa wafanyabiashara ya utumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa misheni. Hawakujua kusoma, na walimu wao hawakujua Kiswahili.

Mwalimu alianza kwa kujifunza

Steere alitambua kuwa mwanafunzi wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Alizungukia wenyeji wa mji, wakiwamo wakalimani kama Hamisi wa Kayi, akiuliza jina la kila kitu na kuandika alichokisikia. Kisha alirudi kwa wengine kuhakikisha kama ndivyo wasemavyo. Kwa kazi hiyo alitoa mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili.

Katika orodha zake hakuyatupa maneno yaliyotoka ng'ambo. Meza ilitoka kwa Wareno na dirisha kwa Waajemi, lakini mtu wa Unguja aliyatamka kama yake, na hilo lilimtosha. Kigezo chake kilikuwa matumizi ya watu.

Uamuzi wake mzito zaidi ulihusu maandishi. Kwa karne kadhaa Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mashairi makubwa ya pwani yalihifadhiwa kwa hati hiyo. Hata hivyo hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, wakati Kiswahili kina irabu tano, na haina herufi zake yenyewe za sauti kama p, v na ch. Steere alichagua herufi za Kirumi: konsonanti zisomwe kama katika Kiingereza, irabu kama katika Kiitaliano. Tahajia ya leo inafuata kwa sehemu kubwa njia hiyo.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mzee wa pwani aliyejua kusoma tangu utotoni, kwa kuwa alipita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alijikuta mbele ya kitabu kipya akiwa sawa na asiyejua kusoma kabisa. Wakati huo huo kijana aliyeletwa na jahazi la watumwa, asiye na ukoo mjini, alipata mlango ambao mzee yule hakuwa nao. Kila chombo kipya cha maandishi hupanga upya foleni ya wanaojua na wasiojua, na ndivyo ilivyotokea Zanzibar.

Sanduku la herufi

Mtambo wa kuchapa wa misheni ukawa darasa. Kijana aliyeingia humo hakuanza kwa kuchapa. Alianza kwa kujifunza ramani ya sanduku pana lenye vyumba vingi vidogo, kila chumba kikiwa na herufi moja. Ilimpasa kujua a inakaa wapi na k inakaa wapi hadi mkono uende penyewe bila jicho kutafuta.

Baada ya hapo alipanga herufi moja moja kwenye kishikizo, zikiwa zimegeuzwa kama sura ya mtu kwenye kioo, akazifunga pamoja kuwa ukurasa, akapaka wino, akaweka karatasi na kukandamiza. Nakala ya kwanza ilisomwa ili kusaka makosa. Makosa yalisahihishwa, kisha nakala nyingine zikatolewa. Kazi ilipokwisha, herufi zote zilirudishwa kila moja chumbani mwake, la sivyo kesho yake hakuna ambaye angepata kitu.

Anayejifunza kompyuta atazitambua hatua hizo. Kicharazio ndilo sanduku la herufi, na skrini ndiyo nakala ya kwanza inayosahihishwa kabla ya kuchapa. Folda hufanya kazi ya vyumba vile: kitu kisipohifadhiwa mahali pake hakipatikani siku ya pili. Hata ugumu wa lugha unafanana. Kiswahili hutumia a na k kwa wingi kuliko Kiingereza, lakini vitufe vya kicharazio cha kawaida vilipangwa kwa ajili ya Kiingereza.

Safari ya Masasi

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palipokuwa na soko la watumwa la Mkunazini. Mwaka uliofuata Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu, naye akasimamia ujenzi huo hadi ibada ya kwanza ilipofanyika Krismasi ya mwaka 1879.

Lakini walioachwa huru walizidi kuongezeka, na wengi walitoka bara, katika nchi za Wayao, Wamakua na watu wa Ziwa Nyasa. Mwishoni mwa mwaka 1875 Steere alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe kwa chifu Mataka wa Wayao ili kuikagua njia. Oktoba 1876 alirudi Lindi akiwa na msafara wa zaidi ya watu 50, wanaume kwa wanawake, waliotaka kurudi makwao.

Nia ilikuwa kufika Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vilima vya miamba vinavyoonekana kutoka mbali, watu hao waliona ardhi nzuri na kusikia lugha walizozijua. Waliomba kubaki hapo. Steere alikubali, wakagawana viwanja, wakajenga nyumba na kulima. Baadaye misheni ilifungua pia kituo Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, kwa chifu Matola.

Kijitabu cha Kimakonde

Mwaka huo huo wa 1876 ulichapishwa Zanzibar mkusanyo wa Steere wa maneno na sarufi ya Kimakonde. Kabla yake alikuwa ametoa mikusanyo kama hiyo ya Kishambala na Kiyao. Vilikuwa vijitabu vya kuanzia, vilivyotayarishwa ili mgeni aweze kuuliza njia na mwalimu aweze kuanza somo.

Kwa Wamakonde kijitabu hicho kilikuwa na maana nyingine pia. Kilithibitisha kuwa lugha ya uwandani inaweza kupangwa kwa herufi zile zile na kutoka katika mtambo ule ule. Hata hivyo mkazo wa misheni, na baadaye wa serikali, uliangukia Kiswahili, kwa kuwa katika Masasi moja waliishi Wayao, Wamakua, Wamakonde na wengine, na walihitaji lugha ya pamoja. Mtoto wa Newala akajifunza kusoma kwa Kiswahili huku nyumbani akisema Kimakonde.

Mwisho wa maisha na msiba wa Masasi

Steere alitumia miaka yake ya mwisho katika tafsiri. Alikamilisha Agano Jipya kwa Kiswahili, akaendelea na sehemu za Agano la Kale. Alifariki ghafla Zanzibar mwezi Agosti mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 54, na akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Hakushuhudia kilichofuata. Septemba ya mwaka huo Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na nyumba zilichomwa. Walionusurika walitawanyika, na kwa muda Newala ndiyo iliyobeba kazi ya misheni. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja walikimbia tena. Masasi ilijengwa upya miaka iliyofuata, na shule zake zikawa chimbuko la walimu na makasisi wa Kusini.

Kutoka mtambo hadi kompyuta

Kazi ya maneno iliendelea bila yeye. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja aliyoiandikia kitabu, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967.

Kompyuta ilipoenea, swali la Steere lilirudi: mtu asiyejua Kiingereza ataongozwa kwa maneno yapi? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Wasweden, walitoa programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Wataalamu wa lugha nao walipendekeza maneno kadhaa, na mashine yenyewe ikaitwa tarakilishi na wengine, ngamizi na wengine. Wananchi wengi walibaki na kompyuta.

Maneno yaliyoshika mizizi upesi ni yale yaliyotoka katika shughuli za kila siku. Kupakua, ambako mama hufanya anapotoa chakula chunguni, sasa ni kuleta faili kutoka mtandaoni. Kupakia, kazi ya wachukuzi bandarini, ni kupeleka faili huko. Kukata, kunakili na kubandika hakuhitaji mkalimani. Kipanya hueleweka kwa umbo lake, na kiungo, kinachoshika mwili pamoja, hushika kurasa za tovuti. Anayeyajua haya huweza kufungua kivinjari, kuandika anwani, kubofya kiungo na kurudi alikotoka bila kumshika mtu mkono.

Faida ya hilo huonekana katika mambo ya kawaida. Mkulima wa korosho anayetaka kujua bei, au mzazi anayetafuta matokeo ya mtihani ya mwanawe, hukwama pale tu anapofikia neno asilolijua. Kazi ya kulipata neno hilo, kuuliza watu wanavyosema na kuliweka kwenye ukurasa, ndiyo aliyoifanya Steere kwa mtambo wake wa mkono. Kwa Kiswahili imefika mbali. Kwa Kimakonde, aliyoianza mwaka 1876, haijafika mbali kiasi hicho.