Elijah Masinde: Mpinzani wa Serikali Mbili

Unapomsoma Tunu katika tamthilia ya Kigogo, usidhani mpinzani wa aina yake anapatikana Sagamoyo tu. Ikiwa unasomea Kibabii au kwingineko Bungoma, jina la Elijah Masinde si geni kwako. Huenda hata umelisikia likitajwa kwa kicheko, kama jina la mwendawazimu fulani wa zamani. Kicheko hicho kina historia yake.

Masinde alizaliwa Kimilili mwanzoni mwa miaka ya 1910. Alilelewa katika kanisa la Friends, akawa mchezaji hodari wa kandanda, na mwaka wa 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. (Watahiniwa wengi husahau hili, ilhali linaonyesha kwamba wakoloni wenyewe waliwahi kumshangilia.) Kanisa lilimtenga alipooa mke wa pili. Kisha, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikaidi amri za serikali na kuwahimiza wenzake wazikaidi. Mwaka wa 1945 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Tazama ujanja huo: mtu akishaitwa mwendawazimu, nani atajisumbua kuzijibu hoja zake?

Alitoka mwaka wa 1947. Septemba mwaka huo aliwakusanya maelfu ya watu Chetambe, karibu na Webuye, wakawatambikia Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Dini ya Msambwa, yaani dini ya mizimu ya mababu, iliwataka wazungu waondoke na kuiacha ardhi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, wakaua watu 11. Masinde alikamatwa mwezi huohuo, akahamishiwa Lamu kwa zaidi ya miaka 10.

Usimfanye malaika katika insha yako. Makanisa na shule zilichomwa, na wafuasi wake walilaumiwa. Lakini usiishie hapo pia. Uhuru ulikuja mwaka wa 1963, na mwaka wa 1968 serikali ya Waafrika ikaipiga marufuku dini yake. Masinde akarudi gerezani, safari hii kwa funguo za wananchi wenzake. Alifariki mwaka wa 1987.

Zoezi: Je, Majoka angempeleka Masinde wapi: hospitalini, uhamishoni au gerezani? Tetea jibu lako kwa kurejelea tamthilia.