Samuel Johnson na Kifungo cha Wasiwasi

Samuel Johnson alizaliwa mwaka 1709 mjini Lichfield, Uingereza, mwana wa muuza vitabu. Umaskini ulimtoa Oxford bila shahada, na tangu ujana aliandamwa na huzuni nzito na hofu ya kurukwa na akili. Njiani aligusa kila nguzo; akiisahau moja, alirudi kuigusa. Hata hivyo, mwaka 1755 alichapisha kamusi kubwa ya Kiingereza.

Mwaka 1759 mamaye alifariki, naye akaandika riwaya ya Rasselas ili apate gharama za mazishi. Mhusika mkuu ni mwanamfalme kijana wa Uhabeshi asiyepata utulivu katika bonde la anasa. Humo pia yumo mwanafalaki anayeamini kwamba ndiye aongozaye jua na mvua. Kinachomponya ni mazungumzo na wenziwe.

Johnson alifariki mwaka 1784, kabla maradhi ya wasiwasi unaojirudia hayajapewa jina. Kijana wa Kimuka anayeamka mara tatu usiku kukagua komeo la mlango hastahili kuchekwa. Anastahili msikilizaji, na riwaya ya Kiswahili atakamojiona.